Siku Mashine Iliposema Sifuri

Vijana wa yadi, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na keki, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Saa nimempa mpishi wa kambi. Keki mliila wenyewe. Haya ndiyo machache. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo mkikuta alama mahali pasipofaa, rukeni mwende mbele. Nimeendesha boza la maji Dubai miaka ishirini na miwili bila kuua mtu kwa gurudumu, na wenye digrii wanaoweza kusema hivyo ni wachache. Kwa gurudumu, nimesema.

Ya mshahara na vyeo sitaandika. Nilipanda kwa sababu waliokuwa mbele yangu walirudi kwao ama walichoka. Hapo hakuna hadithi.

Nilikuja nikiwa na miaka thelathini na minane. Kwetu Machakos nilikuwa nimeshaendesha malori ya saruji, Voi, Taveta mpaka Moshi, na nilifikiri hakuna Mwarabu wa kunifundisha usukani. Mtihani wa leseni nilianguka mara tatu. Mara ya kwanza sikutazama kioo. Mara ya pili nilitazama kioo sana. Mara ya tatu mpaka leo sijui. Nilipopita, kampuni ikanipeleka yadi yetu hii ya Investments Park, wakati huo ikiwa mchanga mtupu na kontena moja la ofisi, na nikakabidhiwa kwa Bonifasi.

Wengi wenu hamkumkuta Bonifasi, ama mlimkuta mwishoni. Alikuwa Mchagga wa Marangu, ananizidi miaka miwili, mrefu, mtu wa kucheka kwa mabega bila sauti. Siku ya kwanza hakunipa funguo. Alichukua beseni la kufulia, akalijaza maji nusu, akaniambia nikimbie nalo mpaka getini nisimame ghafla. Nilikimbia, Wapakistani wote wananitazama. Niliposimama, maji yalinipiga kifua yakanilowesha mpaka viatu. Bonifasi akasema lile ni beseni tu, sasa nifikirie galoni elfu tano mgongoni. Tanki lililojaa ni mzigo, tanki tupu ni gari, lakini tanki nusu ni mnyama. Ukikanyaga breki, gari linasimama na maji yanaendelea. Hakuna kitabu kilichonifundisha zaidi ya lile beseni.

Alinifundisha mipira pia. Mpira wa maji ya kunywa una mahali pake, na mpira wa maji ya kumwagia vumbi, yale yanayotoka kwenye mitambo ya maji taka, una mahali pake, na haigusani hata kwa utani. Alinifundisha kugonga tairi kwa rungu asubuhi na kusikiliza, maana mwezi wa nane lami ya Jebel Ali hupasua tairi kama puto. Alinifundisha kuweka chupa ya mkojo chini ya kiti na kutoionea haya, maana foleni ya kujaza maji haina choo.

Na tulikunywa pamoja. Wanaosema Dubai hakuna pombe hawajawahi kuishi kambini. Nyuma ya ukuta, mchangani, kulikuwa na watu waliofukia makopo na kuweka alama ya mawe mawili, na kila mnywaji wa kambi aliyajua mawe hayo kuliko alivyojua namba ya simu ya mke wake. Mimi nilikunywa kwa hasira, Bonifasi alikunywa kwa upweke, na asubuhi wote wawili tulipanda maboza na vichwa vyetu vikilia. Nasema hivi ili mjue sikuzaliwa na hii sura ya kanisa.

Mwaka wangu wa tano tulikuwa tunapeleka maji kwenye ujenzi wa mnara mmoja Al Jaddaf. Asubuhi moja, pombe ya jana ikiwa bado inanivuta kope, nilichomeka mpira wa maji ya kumwagia vumbi kwenye tangi la maji ya kunywa la vibarua. Nilifungua koki, nikakaa kivulini. Watu mia tatu na zaidi walikuwa wanakunywa tangi lile. Bonifasi alikuwa nyuma yangu na boza lake. Aliona rangi ya mpira, akaruka kabla gari lake halijasimama vizuri, akafunga koki kwa mikono miwili. Hakunipigia kelele. Alimwambia msimamizi kwamba tangi lina mwani, lazima lisafishwe. Tukalimwaga lote, tukaingia ndani na brashi, mimi na yeye, tukasugua tangu saa mbili mpaka adhuhuri.

Ndani ya tangi la plastiki juani mtu anapikwa. Jasho letu lilikuwa linanuka bia, tukawa tunanusa wenyewe tulivyo. Ndipo Bonifasi akasema anaacha leo. Nikasema na mimi naacha.

"Kuacha kila mtu anajua, Kioko," akasema. "Nimeacha mara saba. Sema nani atakunusa."

Kunusana kulianzia hapo. Mnaoliona lile sanduku la funguo na daftari, mkadhani ni kitu kilicholetwa na ofisi, sivyo. Kilizaliwa ndani ya tangi. Kila alfajiri kabla ya kuwasha gari, mimi na Bonifasi tulisimama uso kwa uso, na kila mmoja alitaja polepole namba ya boza lake na majina ya watoto wake wote. Anayeongea hawezi kubana pumzi. Mwenzake ananusa. Kama hakuna kitu, anasema washa. Bonifasi aliweka sheria moja: ukisikia harufu, husemi kwa mtu. Unachukua funguo zake, unamwambia alale, na safari zake unamfanyia wewe juu ya zako. Jioni unakaa naye. "Sisi si polisi," alisema. "Polisi wapo, wanalipwa."

Mwaka wa kwanza nilinuka mara mbili, yeye mara moja. Kila mara mmoja alifanya kazi ya wawili. Mara ya pili alipozipiga safari zangu alirudi macho mekundu kwa vumbi, akakaa kitandani kwangu, hakunihubiria hata neno, akawa anamenya chungwa. Tangu chungwa lile sijaonja tone. Wengine walipoona tumenyooka wakaja. Mganda mmoja, Wakenya wawili, hata Mpakistani aliyekuwa anakunywa kwa siri ya Mungu. Tukafika kumi na mmoja, tumesimama wawili wawili alfajiri tukitajiana watoto. Mtu wa nje angefikiri ni dhehebu.

Kampuni ilitupenda kwa hilo. Maboza yetu hayakugonga, na ofisi ikataka kujua kwa nini. Mudir, meneja wetu, aliniita, akanisifu, akanipa sanduku la funguo, daftari na kalamu. Kuanzia siku hiyo kila dereva alinipumulia mimi, nami nikaweka saini, na niliyemnusa akapelekwa ofisini. Bonifasi alilitazama lile daftari, akasema, "Sasa umepata kazi ya wanaolipwa." Nilikasirika. Nilidhani ni wivu wa mwalimu aliyepitwa na mwanafunzi.

Baadaye ikaletwa mashine ya kupima pombe kwa pumzi, kidude cha kijivu chenye mrija. Sheria ikawa pua yangu kwanza, mashine ya pili, na saini yangu chini ya vyote. Mwaka wa kwanza wa mashine kuna dereva aliyepuliza ikasema sifuri, mimi nikasema hapana, huyu amekunywa. Wakacheka. Tulipofungua gari lake tulikuta kopo chini ya kiti, bado lina baridi, alikuwa ameanza tu. Siku ile niliishinda mashine mbele ya watu. Kumshinda mtu mara moja kunaweza kukuharibu kuliko kushindwa mara kumi. Tangu hapo niliitazama ile mashine kama mtoto wa shule anayejifanya kunijua. Miaka iliyofuata niliwatoa watu wanne zaidi kwa pua peke yake. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa nifike kwa kilichonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa mwaka wa kumi na nne tangu tuache, baada tu ya joto kubwa kupungua. Bonifasi alianza kubadilika. Alikonda mpaka mkanda ukawa unazunguka. Alikuwa anakunywa maji kama boza lenyewe, chupa juu ya chupa, na kila foleni anashuka kukojoa. Mara mbili nilimkuta amelala usukanini kwenye kituo cha kujaza maji, wanaompigia honi nyuma wamekata tamaa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Asubuhi moja alitapika kando ya gurudumu. Nilijua dalili hizo zote. Nilikuwa nimeziishi. Nilijiambia, mzee ameanguka. Sikumuuliza. Nilikaa na sanduku langu nikisubiri ushahidi.

Ushahidi ukaja alfajiri ya Jumatatu. Alisimama mbele yangu, akataja namba, akataja watoto, na pumzi yake ikanijia na harufu tamu, harufu ya ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi. Naijua harufu hiyo. Zamani za malori, kila nilipoteremsha saruji Moshi nilikaa kwenye vilabu vya mbege, nikanywa kwa kibuyu ile pombe yao ya ndizi na ulezi. Pua yangu ilisafiri mpaka Kilimanjaro ikarudi na jina.

Nilimpa mashine. Ikasema sifuri. Nikamwambia apulize tena. Sifuri.

"Pumua tena kwangu," nikasema.

"Nimepumua, Kioko. Mashine imesema nini?"

"Mashine haijawahi kufika Marangu."

Madereva kwenye mstari walicheka. Nilitaka wacheke, nisiseme uongo. Bonifasi hakucheka. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, sijanywa. Nina kiu tu, sijui ni kitu gani. Niambie nikalale, nifanyie safari zangu, jioni tuongee." Alikuwa ananikumbusha sheria yake. Mimi nikafungua daftari.

Msimamizi wa kambi, Mhindi, alikwenda kupekua chumba chake, nami nikafuatana naye. Chini ya kitanda tulikuta mkungu wa ndizi mbivu, mfuko wa unga wa ulezi na ndoo yenye kifuniko. Ndoo ilikuwa na maji. Mhindi hakuelewa alichokiona. Kwake ni matunda, unga na maji. Mimi ndiye niliyemweleza, kidole kwa kidole, kama mwalimu: hizi huchemshwa, huu huchachushwa, hiyo ndiyo ya kuchachushia. Bila mimi wasingekuwa na kesi.

"Huo unga ni wa uji," Bonifasi alisema akiwa mlangoni. "Binti yangu kampa mtu aliyekuwa anakuja huku. Kasikia nimekonda."

"Kila mlevi ana uji wake," nikamjibu.

Sentensi hiyo ni yangu, na nilijivunia kwa siku tatu.

Ofisi haikuchelewa. Dereva wa karibu miaka sitini, na saini ya mtu asiyekosea. Walikuwa wametafuta sababu ya kumpunguza tangu mwaka uliotangulia, mimi nikawapa kwa bahasha. Viza yake ikapangwa kufutwa, barua ikaandikwa kwamba alikutwa na kileo kazini, naye akaambiwa asubiri tiketi kambini.

Siku ya tatu, alfajiri, mtu wa chumbani kwake alinipigia. Bonifasi anatapika, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, anaongea maneno yasiyo na mpangilio. Nilikuwa kwenye sanduku, watu wamepanga mstari. Nikasema, "Mwacheni alale, imtoke." Nilimaliza mstari. Nilikunywa chai. Saa tano walinipigia tena, nikasema vile vile. Na kwa sababu mimi ndiye niliyejua mambo ya walevi, walimwacha.

Aliyemwokoa ni askari wa geti, dada Mkenya wa Nyahururu, ambaye hajawahi kunywa wala kunusa mtu. Alipita kwenye korido baada ya alasiri, akasikia ile pumzi, akaita gari la wagonjwa bila kumwomba mtu ruhusa. Nilimuuliza baadaye alijuaje. Akasema hakujua kitu, aliona tu mtu anakufa.

Hospitali nilikwenda kesho yake, nimevaa shati la kanisani, nimejiandaa kusamehe. Muuguzi wa wodi alikuwa mwanamke wa kwetu Kenya. Nilimwambia mimi ni mkubwa wake kazini, nimekuja kuona ile pombe imefikia wapi. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Haikuwa pombe. Ni sukari. Mtu wa kisukari asiyejua kwamba anaumwa, mwili ukikosa namna ya kutumia sukari yake, unaanza kuchoma mafuta, na pumzi inatoa harufu ya matunda yaliyooza. Anakuwa na kiu, anakojoa, anakonda, analegea kama mlevi, anatapika. Alisema watu wengi hudhani ni pombe.

"Alianza kuzidiwa saa ngapi?" akauliza.

Nikasema sijui. Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, na ulikuja haraka sana.

Bonifasi alikuwa amefumbua macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuona ukungu, baadaye halikurudi. Niliketi. Nilisema tulikosea. Nilisema harufu ilifanana. Nilisema hata daktari angeweza kukosea. Aliniacha nimalize maneno yote niliyoyapanga kwenye teksi.

"Miaka kumi na minne nakupumulia usoni," akasema. "Hukuwa unaninusa, Kioko. Ulikuwa unaningoja."

Nikaanza kunyoosha shuka lake.

Halafu akaniomba kitu kimoja. Hakuomba kazi, alijua macho yamekwisha. Aliomba karatasi. Niandike kwa mkono wangu, niweke saini ile ile ya daftari, kwamba siku ile hakuwa amekunywa. "Barua yao inasema nimelewa," akasema. "Yako iseme sikulewa. Basi." Nikamwambia ataipata kabla ya ndege.

Nilikwenda kwa mudir. Nataka mjue kwamba nilikwenda. Nilimweleza yote, muuguzi, sukari, harufu. Hakukasirika. Alichukua daftari langu akalifungua polepole, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza: kama pua yako ilikosea kwa huyu, wale wanne wengine je? Ukiandika karatasi hiyo, Kioko, lazima niwafungulie wote, na lazima nimuulize mtu aliyeweka saini. Wewe una miaka mitatu ya kustaafu. Andika ukitaka. Akafunga daftari, akasema khalas, yaani yamekwisha, akarudi kwenye simu yake.

Nilitoka pale nikijiambia nitaandika Ijumaa. Ijumaa nikajiambia mambo yapoe. Bonifasi alipanda ndege akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na karatasi hakuwa nayo.

Alinipigia kutoka Marangu. Sauti ilikuwa nzuri. Alinipa habari za mvua, za kahawa, za dawa zinazopatikana na zisizopatikana. Mwisho wa simu akauliza, "Ile karatasi?" Nikasema inakuja, inshallah. Mwezi uliofuata akauliza tena, nikasema ofisi imebadilisha mtu. Mara ya tatu nikasema nimeshaandika, nangoja muhuri. Ya nne hakuuliza. Tukawa tunaongea mvua tu. Nilifarijika alipoacha kuuliza. Nafuu hiyo nimeibeba mpaka leo na haijapungua uzito.

Na ninyi vijana mnakumbuka kikao cha asubuhi, pale ninaposimama mbele kuwaonya kuhusu pombe. Mnakumbuka hadithi ya Mchagga aliyepika mbege chini ya kitanda Investments Park. Mlikuwa mnacheka mpaka mnashikana mabega, hasa pale ninapoigiza Mhindi akichungulia ndoo. Mudir alipenda niisimulie kwa kila kundi jipya. Niliisimulia miaka miwili na zaidi, nikijua. Baadhi yenu mnaisimulia bado. Nimewasikia kwenye foleni ya maji, mmeiongezea kibuyu.

Bonifasi alifariki mwaka jana. Alikanyaga msumari shambani, jeraha likakataa kupona, wakakata kidole, wakakata mguu, halafu basi. Nilituma rambirambi. Alfajiri iliyofuata nilisimama kwenye sanduku nikanusa watu ishirini na sita.

Wiki mbili zilizopita nimerudisha funguo. Siku ile ile, kabla hata sijafungasha, niliketi kitandani nikaandika ile karatasi. Ilinichukua dakika kumi. Miaka mitatu, kwa kitu cha dakika kumi. Nainakili hapa ili nanyi mwisome, na anayeisimulia ile hadithi ya ndoo aache ama aisimulie kama ilivyo:

"Mimi Kioko, niliyeshika funguo, nasema hivi. Bonifasi siku ile hakuwa amekunywa. Mashine ilisema sifuri mara mbili na ilikuwa kweli. Unga ulikuwa wa uji. Ndizi zilikuwa za kula. Maji yalikuwa maji. Alikuwa mgonjwa, aliniomba msaada, nikamwandika. Alipozidiwa nilisema aachwe. Wale wanne wengine pia niliwatoa kwa pua, na sijui."

Nakala moja niliipeleka ofisini. Kijana wa mapokezi akaniuliza iingie faili gani. Nyingine niliipiga picha nikamtumia Anastazia, mke wa Bonifasi. Sikumpigia, niliogopa. Jioni akanirudishia ujumbe wa sauti, na kwa kuwa nimewaambia mengi mabaya yangu, nawapa na huo.

"Shemeji, nimeiona karatasi, asante. Watoto nimewasomea. Ila usidhani sisi tulikuwa tunaingoja. Mimi nimelala na Boni mlevi miaka kumi na mmoja, namjua hata akikohoa. Alivyorudi nilijua siku ile ile ni Boni yupi amerudi. Barua ya kampuni niliwashia moto jikoni. Karatasi alikuwa anaitaka yeye, na aliitaka kutoka kwako, si kwa mtu mwingine. Kila ukimaliza kuongea naye nilikuwa namuuliza, ameandika? Ananiambia, bado, mama, Kioko ana kazi nyingi."

Sikuwa na kazi nyingi, vijana. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, kalamu mkononi.